Gunia la Vigae vya Chihema

Benchi lao liko ubavuni mwa nyumba yangu hapa Chikongola, kwenye kona ya njia iteremkayo sokoni. Ubao ni wa kreti la bandarini, miguu ni ya mkorosho, na ukuta wanaouegemea ni wangu. Kila mwaka naupaka chokaa na kila mwaka wanaifuta kwa migongo. Mimi nakaa barazani na charahani yangu, nashona sare za shule, kwa hiyo nasikia yote nisiyoyaomba. Wa kudumu ni watatu. Wa kwanza ni Abdallah, kaka wa marehemu mama yangu. Wanamwita Spika kwa kuwa yeye ndiye anayetoa ruhusa ya kusema, na mara nyingi hujipa mwenyewe. Wa pili ni Filipo, Mngoni wa Songea, mwendesha winchi bandarini, na jina lake ni hilohilo, Winchi. Wa tatu ni Issa, ambaye ana redio kubwa ya mbao anayoitega kuwasikiliza Wachina wakisema Kiswahili. Huyo ni Peking. Kahawa huletwa na Omari, ambaye hana jina la kijiweni kwa sababu hajawahi kumaliza sentensi mbele ya hao wengine.

Siku hiyo, mwaka wa pili baada ya Operesheni ya kuhamia vijijini, mbele ya benchi palikuwa na gunia la vigae. Habari yake ni fupi. Chihema ni kwetu kwa zamani, kule kwenye mikoko, karibu na mdomo wa Ruvuma. Operesheni ilipokuja tulihamishiwa Madimba, kando ya barabara. Mjomba alipewa kiwanja kule, akajenga nusu ya nyumba, akaja mjini kunisalimia, na salamu hiyo inaendelea mpaka leo. Chihema wamebaki waliokufa tu. Sasa kamati ya shamba la pamoja imeamua kupanda minazi palepale, na trekta litakuja kusawazisha ardhi kabla ya mvua. Mjomba alikwenda kulalamika juu ya makaburi. Alijibiwa kwa adabu kwamba kila mtu nchi hii ana kaburi lake mahali, na shamba haliwezi kupinda kila penye kaburi. Lakini ikithibitika kwamba Chihema ni mji wa kale, hapo trekta litageuza. Mtaalamu wa Mambo ya Kale angekuja kutazama. Na Chihema, tangu tukiwa watoto, kumejaa vigae vya sahani za zamani, za bluu na za kijani, tulivyochezea upishi wa kitoto. Basi wale watatu wakachukua gunia wakaenda kukusanya ushahidi. Mimi nilifurahi. Mama yangu yuko kule, na sina muda wa kumzika mara mbili.

SPIKA: Kikao kimefunguliwa. Omari, mimina. Mtu wa Mambo ya Kale anaweza kufika leo, na nataka akute mambo yenyewe yamepangwa. Bluu huku. Kijani huku. Mabakuli mazima hapa mbele, kama wageni wa heshima.

WINCHI: Na hivi vya rangi ya maziwa?

SPIKA: Hivyo ni vya watu wa kawaida. Weka nyuma.

PEKING: Nimevisugua kwa majivu na mchanga, nikavipaka mafuta ya nazi kimoja kimoja. Tazama vinavyometa. Mtaalamu akiinama ataona uso wake.

WINCHI: Akiona wako atauliza hiki ni cha karne gani.

MIMI: Mafuta ya nazi ya nani?

PEKING: Mama Zuhura, katika mapambano hatuulizani chupa ni ya nani.

Ilikuwa yangu. Nikaendelea kushona.

Walikuwa wametandaza turubai chini na kumwaga gunia lote. Sikatai, palipendeza. Njia nzima ilikuwa inasimama kutazama. Wengine waliuliza bei, na Spika akawafukuza akiwaita mabepari.

Hapo ndipo alipofika yule binti. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa stendi, amevaa viatu vya raba vilivyojaa vumbi, begani ana mfuko wa turubai uliochakaa.

— Shikamooni.

SPIKA: Marahaba, binti. Fundi yule pale barazani.

Nami nikamwambia kitambaa akiweke kwenye kiti, vipimo nitamchukua nikimaliza kola hii. Akasema hana haraka, anaomba akae kidogo apumzishe miguu. Winchi akamsogelea Peking, Peking akamsogelea Spika, na binti akapata pembe ya benchi. Omari akampa kikombe. Akapiga funda moja, akaanza kutazama vigae.

WINCHI: Mimi nasema hivi. Hizi ni shehena. Nimekaa bandarini miaka, najua meli. Meli tupu hupinduka. Lazima iwe na uzito tumboni. Mchina kapakia sahani chini kabisa, juu yake kapakia hariri. Imefika Chihema, imekwama kwenye fungu la mchanga, hariri imeoza, sahani zimebaki. Ndiyo maana hatuoni hariri.

PEKING: Kwa hiyo ushahidi wa hariri ni kwamba haipo?

WINCHI: Ee. Dalili ya mvua ni mawingu.

SPIKA: Hiyo methali haijakaa sawa, lakini endelea.

WINCHI: Nimemaliza. Mtu mwenye hoja haongezi maneno.

PEKING: Winchi, wewe ni mtu wa kunyanyua mizigo, huwezi kujua mzigo ulitaka nini. Mimi redio imenifungua macho. Mchina hatembei bure. Wakati huu amekuja kujenga reli, si ndiyo? Basi na wakati ule alikuja kujenga reli.

WINCHI: Reli ya wapi?

PEKING: Chihema mpaka Ziwa Nyasa.

WINCHI: Miaka mia tano iliyopita?

PEKING: Ya mbao! Ndiyo maana imeliwa na mchwa. Mnaona haya mabakuli? Yote kimo kimoja. Kwa nini? Kwa sababu wafanyakazi walikula kipimo kimoja, mkubwa na mdogo. Hakuna kabwela, hakuna bwana. Ujamaa huo! Ulikuwepo Chihema kabla hatujaambiwa.

Binti alicheka ndani ya kikombe. Peking akaona amepata mshabiki, akanyoosha mgongo.

PEKING: Na hili bakuli la kijani lenye samaki wawili chini, kwa nini samaki? Wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi. Mchina akasikia methali kwetu, akamkunja akamweka kwenye sahani.

SPIKA: Muda wako umekwisha. Kaeni mnisikilize, maana ninyi mmoja wa bara na mmoja wa redio. Mimi ni wa Chihema. Nani kawaambia sahani hizi ni za Mchina?

WINCHI: Kila mtu.

SPIKA: Kila mtu amekosea. Rangi ya bluu hii, mchoro huu, maua haya, ni kanga. Nani mwenye kanga duniani? Bibi zetu! Mchina alifika Chihema akiwa anakula kwenye jani la mgomba. Bibi zetu wakamwonea huruma, wakamfundisha, wakamwazima sahani. Akaenda nazo kwao kama mfano. Wakafungua viwanda. Hizi tunazookota ni zile za kwetu, alizorudisha.

PEKING: Alirudisha kwa nini?

SPIKA: Heshima. Mwungwana akiazima hurudisha.

WINCHI: Na mbona zimerudi zimevunjika?

SPIKA: Safari ndefu.

Hata mimi niliinua mguu kwenye charahani. Binti akaweka kikombe chini, akachuchumaa kando ya turubai. Alichukua kigae kimoja, akakigeuza, akapitisha ukucha kwenye ukingo uliovunjika. Akachukua kingine. Hakuwa anachagua vya kupendeza.

— Vyote hivi vimetoka Chihema, mzee?

SPIKA: Vyote. Isipokuwa vile vya Mikindani.

WINCHI: Na vya pale Ufukoni. Nilikuwa naokota nikitoka zamu, nikaongezea. Kuchangia si dhambi.

PEKING: Na vya Sudi. Shemeji yangu alileta kikapu.

— Vya Mikindani ni vipi?

Wakatazama turubai. Wakatazamana.

SPIKA: Binti, tumevipanga kwa rangi. Bluu ni bluu. Wahenga wamesema penye wengi hapaharibiki neno.

— Sawa. Na hiki cha kijani? Hiki kimevunjika juzi. Ndani bado cheupe kabisa. Na nyuma pana mhuri wa kiwanda.

Peking alikohoa.

SPIKA: Peking!

PEKING: Niliona upande wa kijani una upungufu.

WINCHI: Umevunja sahani ya nyumbani kwako?

PEKING: Mvunja nchi ni mwananchi.

WINCHI: Na mkeo anajua?

PEKING: Anajua imepotea. Anamshuku paka.

Spika alimtazama vile Spika anavyomtazama mbunge aliyelala. Kisha akamgeukia binti kwa upole wote.

SPIKA: Una jicho, mwanangu. Baba yako anauza vyombo?

— Hapana, ni mwalimu. Mimi naitwa Raheli. Nimetoka Dar es Salaam, Mambo ya Kale. Nilielekezwa nimwulizie mzee Abdallah kwenye benchi la Chikongola.

Winchi alivua kofia. Omari alimwongezea kahawa bila kuulizwa. Mimi nilikiangalia kile kiti nilichomwambia aweke kitambaa.

SPIKA: Tulitegemea Landrova.

RAHELI: Hata mimi.

Mjomba wangu nampa sifa moja. Kuanguka kwake ni kwa paka. Kabla kahawa haijapoa alikuwa amesimama, ameshika kifua cha kanzu.

SPIKA: Ndugu mtaalamu, karibu. Nisamehe, nilikupima kwa umri. Basi kazi yako tumeifanya nusu. Ushahidi ndio huu mbele yako, umeoshwa, umepangwa, umepakwa mafuta. Wewe andika tu kwamba Chihema ni mji wa kale, trekta ligeuze, na sisi na makaburi yetu tukushukuru. Hata kwenda kule huna haja. Njia ni mbaya.

RAHELI: Mzee wangu, siwezi kuandika kutoka kwenye gunia.

SPIKA: Kwa nini? Havitoshi?

RAHELI: Vingezidi hata mara kumi ingekuwa vilevile. Kigae kikiwa ardhini kinaniambia hapa aliishi mtu. Kikiwa guniani kinaniambia hapa kuna gunia. Na hivi vimechanganyika na vya pwani nzima. Kamati wakiniuliza hiki ulikitoa wapi, nitasema nini? Benchini?

Wa kwanza kuelewa alikuwa Winchi. Bandarini mzigo usiojulikana umetoka meli gani hukaa ghalani mpaka uoze. Alikaa chini taratibu.

RAHELI: Na vya udongo viko wapi?

PEKING: Vya udongo vipi?

RAHELI: Vyeusi, vya vyungu. Penye sahani hizi huwa vipo vingi kuliko hivi.

PEKING: Aa, vile! Vilikuwepo, tele. Tulivichambua tukavitupa kwenye maji. Tulisema mtaalamu ametoka Dar es Salaam, tukamwonyeshe masizi? Tuliona haya.

Raheli alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeumwa jino.

RAHELI: Sahani ya Mchina yeyote anaweza kuinunua akapita nayo, akaiangusha njiani. Chungu cha kupikia hakisafiri. Kikivunjika kinatupwa nyuma ya jiko lilelile. Mimi natafuta majiko, wazee wangu. Nikipata majiko nimepata mji.

WINCHI: Tumetupa majiko baharini.

SPIKA: Winchi, sijakupa nafasi.

RAHELI: Haidhuru. Kule juu ya ardhi mmebakisha nini?

Swali hilo Peking alilipenda. Lilikuwa la kazi, na kazi walikuwa wameifanya.

PEKING: Hakuna kilichobaki, dada. Sisi ni watu wa korosho. Tulipanga mstari kama msimu wa kuokota, huyu na mkorosho wake, yule na mkorosho wake. Tulifagia majani, tukaokota, tukafagia tena, tukaokota. Mtu wa korosho haachi punje chini. Uende leo Chihema utembee kutwa, ukiona kigae kimoja juu ya mchanga uje unikate sikio.

Alisema hivyo amejaa furaha, na hakuna aliyemsaidia kucheka. Raheli alikuwa anatazama mikono yake.

Nikaona bora niulize, maana kola ilikuwa imekwisha na mtu aliyepoteza katika jambo hili alikuwa mimi vilevile.

MIMI: Ndiyo basi? Trekta lipite?

RAHELI: Hapana, mama. Juu pamekwisha, lakini chini hapajaguswa. Nikichimba nitaviona vikiwa mahali pake, na vyungu vyake, tabaka kwa tabaka. Shimo dogo tu, ukubwa wa mkeka wa mtoto, linatosha. Nikivikuta nitaandika, na nitakachoandika hakuna wa kukipinga. Ila si penye muhogo. Palipolimwa jembe limeshachanganya kila kitu. Kuna mahali kule ambapo hapajawahi kulimwa?

SPIKA: Pako mahali pamoja tu. Makaburini. Pale hata anayeiba muhogo hapitishi jembe.

RAHELI: Basi ni palepale. Siwezi kugusa kaburi, mzee, na sitaki. Nitachimba kwenye nafasi kati ya makaburi, pasipo na mtu.

Benchi lote lilipumua. Spika akarudi kwenye kimo chake.

SPIKA: Hilo rahisi! Umesikia, Winchi? Rahisi kabisa. Makaburi ya kwetu tunayajua kama vidole. Kwetu ukoo ni wa mama, na kwa upande wa mama mkubwa aliyebaki ni mimi, kwa hiyo ruhusa umeshaipata. Wahenga wamesema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe utainama, sisi tutakushikia mwavuli.

Raheli alishukuru. Kisha akachukua moja ya yale mabakuli mazima ya mbele, wageni wa heshima, akalishika juu kuelekea kwenye mwanga. Kitakoni palikuwa na tundu, duara safi, la kutobolewa. Akachukua la pili. Nalo lilikuwa na tundu. La tatu hivyohivyo.

RAHELI: Haya yametobolewa kwa makusudi.

SPIKA: Ndiyo. Hiyo ni mila, na ni akili. Mtu wetu akifa anawekewa bakuli au sahani yake nzuri kichwani, juu ya kaburi. Tunaitoboa ili mwizi asiitamani, maana bakuli lenye tundu halishiki mchuzi. Kule kwetu mawe hakuna, ni mchanga mtupu. Ukiweka kijiti, mchwa. Ukifanya tuta, mvua mbili limelala. Lakini bakuli haliliwi na mchwa. Tangu enzi za mabibi wa mabibi ndivyo tunavyojuana. Ukiona bakuli unasema, aha, kichwa cha fulani kiko hapa, unapita pembeni.

Alisema maneno hayo kwa sauti yake ya bungeni, akinyoosha kidole kwenye mabakuli yaliyokuwa mbele yake, yanametameta kwa mafuta yangu. Kidole kikabaki hewani.

WINCHI: Mzee Abdallah. Yote tumeyabeba?

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake halisi.

PEKING: Mimi sikujua. Mimi si wa Chihema. Nilidhani ni mazuri tu, nikayaweka kwenye gunia. Yeye ndiye aliyekuwa akinielekeza, kuna jingine lile, kuna jingine kule.

SPIKA: Nilitaka yaonekane! Nilitaka mtaalamu ayaone! Ningemwonyesha nini, vipande? Haya ndiyo mazima!

MIMI: Mwizi hakuyachukua miaka yote.

SPIKA: Mpwa wangu, usiseme hivyo.

Sikuongeza. Raheli alilaza bakuli chini kwa mikono miwili, mdomo juu, kana kwamba lina kitu ndani. Aliuliza bila kupandisha sauti, na nadhani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na kazi ya kufanya na basi la kurudi.

RAHELI: Sasa, wazee wangu, pale makaburini mtanionyesha vipi mahali pasipo na mtu?

Nimekaa jirani na benchi lile muda mrefu kuliko nilivyotaka. Nimelisikia likijibu kwa nini mwezi haudondoki, nani alimfundisha Mwarabu kula halua, na bei ya korosho Ulaya inapangwa na nani. Swali la Raheli lilikuwa jepesi kuliko hayo yote. Winchi alizungusha kofia yake mkononi. Peking aliokota kile kigae cha sahani ya mkewe akakitia mfukoni. Omari alikusanya vikombe, hata vyenye kahawa.

MIMI: Mjomba, la mama ni lipi?

Siku ya mazishi sisi wanawake tulibaki nyumbani, kama ilivyo desturi, kwa hiyo mimi sikuliona likiwekwa. Nilijua tu kwamba lilikuwa la maua. Mjomba ndiye aliyekuwa shimoni akimpokea, na ndiye aliyelitoboa kwa msumari. Akapiga magoti penye turubai. Akachukua moja la maua, akaligeuza, akatia kidole kwenye tundu. Akaliweka. Akachukua jingine la maua. Alipofika la nne mkono ulikuwa unateleza kwa mafuta, akaufuta kwenye kanzu, kanzu nyeupe, akaanza tena na lile la kwanza.

SPIKA: Lilikuwa na vumbi. Lingekuwa na vumbi ningelijua.

Raheli alitazama pembeni, kwa heshima. Mimi nilikuwa nimechoka, na jioni ilikuwa inakuja na unga haujachungwa. Kulia kungechukua muda na kusingeturudishia bakuli hata moja mahali pake. Nikavuta kitambaa kutoka kwenye charahani, nikakata uzi kwa meno.

MIMI: Dada Raheli, unaweza kulala hapa? Kuna kitanda cha Zuhura, yeye atalala na mimi.

RAHELI: Naweza, mama.

MIMI: Basi. Winchi, wewe una rafiki mwenye lori bandarini, na leo usiniambie kuhusu hariri, niambie kuhusu lori. Alfajiri tunakwenda Madimba. Watu wote wa Chihema wako pale kando ya barabara, Serikali imeshatukusanyia. Kila mwenye mtu wake kule tunamchukua, wake kwa waume, haya si mazishi. Tukifika makaburini kila mmoja asimame juu ya wa kwake. Aliyezika mama asimame kwa mama, aliyezika mtoto asimame kwa mtoto. Wakishasimama wote, pataonekana palipobaki wazi. Hapo dada atachimba.

WINCHI: Na wale wa zamani sana? Wasio na mtu wa kuwakumbuka?

Nilifikiri kidogo. Winchi hasemi upuuzi siku zote.

MIMI: Hao wazee watawajua kwa walivyosikia. Aliyebaki asiyejulikana na yeyote, dada akimkuta atamfukia tena na kuhama. Trekta lisingemfukia.

RAHELI: Nitafanya hivyo. Nakuahidi.

PEKING: Mimi sina mtu Chihema. Nitasimama wapi?

MIMI: Wewe utabeba mabakuli. Kila mtu akisimama utapita nayo kwa mmoja mmoja, mpaka kila moja lipate anayelijua. Na usiyapake kitu.

Peking akaitika kama mtoto wa shule. Winchi alikuwa ameshavaa kofia, ameondoka kutafuta lori, bila kuomba ruhusa ya Spika, na Spika hakuona. Alikuwa bado amepiga magoti, mabakuli mawili ya maua mapajani.

SPIKA: Mama yako nitamsimamia mimi.

MIMI: Nani mwingine? Ndiwe uliyemlaza.

SPIKA: Kulikuwa na mkorosho mchanga upande wa kusini. Hatua chache hivi. Lakini mikorosho imekua, mpwa wangu. Na mchanga unahama. Nikikosea, nikasimama pasipo pake?

Raheli alikuwa anakusanya vile vigae vya rangi ya maziwa ambavyo hakuna aliyevitaka, anavitia mfukoni mwake taratibu. Mimi nilikuwa na jibu la haraka mdomoni, la kumpa mtu ambaye wenzake wamenimalizia mafuta, nikaliacha. Nikaenda kuchunga unga. Nilipopita dirishani nikamwona amesimama peke yake penye turubai, anatazama chini, anainua mguu mmoja, anaurudisha, anainua mwingine, kama mtu aliyeingia ndani ya nyumba gizani na kusikia kuna watu wamelala sakafuni.